Masikio Yameziba

Kirumba, Mwanza
14 Juni 2024

Mpendwa dada Selina,

Shikamoo dada. Unaendeleaje huko Tanga? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi tu wazima, ila vumbi la kiangazi limeanza kututesa.

Najua tangu Pasaka hupokei simu zetu. Ndiyo maana nimempa jirani yetu Obedi, anayesafiri kuja huko, barua hii akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome hadi mwisho.

Dada, Mama hakumkataa Nurudin. Siku ile ulipompigia kumwambia umepata mchumba, tena Mwislamu, alinyamaza, kisha akakata simu. Wewe ukaamini amekasirika. Hata mimi niliamini hivyo, nikamnunia, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita alikuwa sokoni Mwaloni, anapanga dagaa wake mezani, mkokoteni ukamjia kwa nyuma. Watu walipiga kelele, yeye hata hakugeuka. Mhoja, yule muuza sato wa meza ya jirani, ndiye aliyemvuta mkono. Ashukuriwe Mungu, alichubuka goti tu.

Jioni nikambana. Akatazama chini, akasema, "Ng'washi, masikio yameziba. Tangu Januari. Niliogopa mtasema nimezeeka, mnitoe sokoni."

Kumbe zile "haya, haya" zake kwenye simu alikuwa anabahatisha! Na siku ile yako bila shaka hakusikia neno, akadhani simu imekatika.

Tulikwenda zahanati, daktari akamsafisha kwa maji ya uvuguvugu. Nta iliyotoka ilikuwa ngumu kama kokoto. Sikio la kulia limefunguka kabisa. La kushoto bado halijarudi sawasawa, na huenda lisirudi. Tulipotoka nje alisimama kusikiliza kunguru, akacheka huku machozi yanamtoka.

Hapo nikamweleza habari yako. Akakaa chini palepale kwenye ngazi. "Mwanangu ananiambia jambo kubwa namna hiyo, nami namkatia simu?"

Sitakuficha, suala la dini limempa mawazo. Siku mbili alisali sana, chakula akakigusagusa tu. Jana asubuhi akaniita, akataka niandike maneno yake kama yalivyo: "Selina, sasa nimesikia. Njoo naye. Nataka kuisikia sauti yake."

Baba mdogo Masele na shangazi Malimi wanakusalimu sana. Msalimie Nurudin, mwambie shemeji yake anamsubiri. Mungu awatangulie njiani nyote wawili.

Mdogo wako akupendaye, aliyekukumbuka mno,

Ng'washi