Omena Kwenye Buti la Gari

Houston, Texas

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Pole kwa jua na kazi ya ufuoni hapo Sori. Mgongo je, umeacha kukusumbua? Na yale magugumaji, yamewaachia wavuvi nafasi au bado yameziba ziwa? Sisi huku tu wazima, mimi, Baba Atieno na mtoto. Nimeandika kwa Kiswahili ili Mwalimu Chacha akusomee bila kuhangaika na Kijaluo. Mwalimu, tafadhali usiruke mahali, hata nikijiaibisha.

Omena ulizompa kijana wa pasta, dagaa wa ziwa letu, zilifika salama. Uliniagiza, "Mgeni wako wa kwanza mpikie hizi, ajue una kwenu." Mama, maneno hayo sikuyafuata.

Mgeni wenyewe alikuwa Rosa, mwanamke wa Meksiko ninayefua naye mashuka hotelini. Asubuhi ya siku hiyo nilifungua mfuko wako, harufu ikajaa nyumba nzima, nami nikaona haya. Nikaufunga, nikaenda kuuficha kwenye buti la gari. Kisha nikanunua kamba, wale wadudu wa baharini wasio na magamba, ambao kanisani kwetu hawaliwi. Nilitaka kumpikia fajita, chakula cha kwao, anione mtu wa kisasa.

Niliwalowesha kamba kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili, nikawachoma kwa makaa nyuma ya nyumba pamoja na vitunguu na hoho. Nikapasha chapati zao nyembamba. Mtu hufungia vitu hivyo ndani yake akala kwa mkono. Nami nilikula, Mama, na sitakudanganya, vilikuwa vitamu. Tukiwa tunakula Rosa akauliza, "Mama yako hupika nini?" Nikamjibu, "Kuku." Kuku, Mama! Na wewe umenilea kwa omena tangu sina meno.

Wakati wa kumrudisha kwake ulipofika, tukatoka kwenda kwenye gari. Lilikuwa limeshinda juani, na jua la huku halicheki na mtu. Baba Atieno kufungua mlango tu, akaruka nyuma.

"Aki Mama Atieno, umeweka nini huku? Gari yote inanuka Sori!"

Sikuwa na pa kujificha. Rosa akafungua buti, akanusa ule mfuko taratibu. Akasema mama yake naye huanika kamba kwenye mikeka ufuoni, na harufu ni hii hii. Kisha akanitazama.

"Mbona umenipa chakula changu, ukanificha chako?"

Niliubeba ule mfuko. Tulirudi ndani, nikazikaanga omena kwa nyanya na vitunguu kama unavyofanya. Rosa alikula akaongeza. Aliuliza ni nani aliyezianika, nikataja jina lako kwa sauti ndogo. Amesema nikusalimu. Naona aibu kukufikishia salamu hizo, maana yeye alikupokea kabla yangu.

Nisalimie dada yangu unayeuza naye sokoni, mjomba mshona nyavu, na shangazi wa kwaya, ingawa najua atanisema kwa kula kamba. Ukiamua kutonitumia omena tena, nitaelewa. Lakini nakuomba, nitumie.

Ni mimi mwanao, niliyekufungia kwenye buti la gari,

Akinyi