Dimbwi la Gerezani

Mjukuu wangu Zuwena,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mjomba wako mguu umepona. Mama yako ndiye halali usingizi, anasema huko Mbeya umegombana na mwenye nyumba, na kwamba ubishi huo umeutoa kwangu. Sasa unaniuliza mimi niliutoa wapi. Niliutoa kwenye dimbwi.

Kabla ya uhuru tulikaa mtaa wa Gerezani, karibu na reli. Masika yakishajaza dimbwi nyuma ya nyumba, vyura walipanda kwenye tawi lililoinamia maji, wakapiga povu jeupe kwa miguu kama mtu anayepiga mayai ya keki. Majirani walisema ni mate ya nyoka, tusisogee. Mimi nilisogea kila nikitoka madrasa, mpaka nikayaona mayai yao humo ndani.

Asubuhi moja akaja Bwana Afya na bomba la mafuta ya kuulia mbu. Nikaingia majini, nikasimama chini ya lile povu.

"Toka, mtoto!"

"Sitoki. Ukimwaga, nimwagie na mimi, halafu ukamweleze mama."

Povu likaanza kuchuruzika, viluwiluwi wa vyura wakanidondokea kichwani. Bwana Afya akakunja uso. "Nitarudi kesho."

Aliporudi, viluwiluwi walikuwa kwenye pipa la mama la maji ya mvua. Mama alipokwenda kuchota, mtaa mzima ulimsikia. Nilichapwa nikiwa nimelikumbatia pipa lisimwagwe.

Wakaota miguu.

Ni mimi bibi yako, ambaye mpaka leo sijatoka majini.