Mshenga Aliyeuliza Siku Yako ya Kuzaliwa

Lindi, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 7 Novemba 1999

Mpendwa binti yangu Annet,

Pokea salamu zetu sote, kisha uniambie kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko. Katika barua yako ya mwezi uliopita hukutaja kikohozi, lakini uliomba radhi mara mbili kwa mwandiko, na wewe mwandiko wako hautetemeki bure. Vaa ile sweta aliyokufumia mama yako mdogo Nasambu. Rangi si hoja.

Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika kila nikipanda ngazi za Nyayo Highrise, ambako bado nawafundisha watoto wa Bi Kanini Kiswahili jioni, lakini nafika. Mvua za vuli zimeanza. Njia ya kuja kwetu imekuwa tope, na Nasambu amepanga mawe kutoka mlangoni hadi kwenye bomba. Majirani wote wanayatumia na hakuna anayesema asante.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu leo hii badala ya kungoja Krismasi.

Uliniandikia kwamba mwezi wa Septemba benki yako huko Leeds iliifunga akaunti yako kwa siku kadhaa, kwa sababu kuna mtu aliyejaribu kuingia kwa kompyuta na kukosea. Ulikasirika. Ulisema kosa ni la benki na hatua yao mpya: kwamba ukishaandika nambari ya mteja na nambari yako ya siri, bado mlango haufunguki, wanakutaka utoe herufi mbili za neno la siri, leo ya pili na ya tano, kesho nyingine kabisa. Ulisema mteja anaruhusiwa kuikataa hatua hiyo, na kwamba unakusudia kuikataa, ili malipo ya shamba la Kiminini unalotununulia yasicheleweshwe tena.

Nakuomba usiikatae. Nina sababu, na sababu yenyewe ilikunywa chai mezani kwetu.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, baada ya ibada, alikuja hapa kijana nadhifu wa suti ya kijivu. Kabla ya kuingia alifuta viatu kwa kipande cha gazeti, jambo ambalo Nasambu alilisifu kwa wiki nzima. Alijiita Ishmael. Alitusalimu kwa lugha ya nyumbani. Alisema ana kaka huko Uingereza aliyekuona kanisani na moyo wake ukatulia, na kwamba yeye ametumwa kupeleleza kwa adabu kabla wazee hawajaja. Kwa ufupi, alikuja kama mshenga.

Annet, wewe unajua ni miaka mingapi Nasambu ameingoja siku hiyo. Alikaanga mayai yote yaliyokuwamo. Alitoa vikombe vile vya harusi yetu, viwili vilivyopona tulipochomewa nyumba na kufukuzwa kule chini ya mlima mwaka wa tisini na mbili.

"Mama, kwanza tujue kama sisi si ndugu," kijana alisema. "Mama yake Annet alikuwa wa ukoo gani?"

Swali hilo ni la haki. Kwetu mtu haoi ukoo wa mama yake, na mshenga asiyeuliza ndiye angetiliwa shaka. Nasambu akamtajia ukoo wa marehemu mama yako, na jina la babu yako mzaa mama, na la baba yake huyo babu, kama tunavyofanya. Mimi sitayaandika hapa. Barua nayo hupita mikononi mwa watu.

"Na alizaliwa lini?"

"Wakati wa mavuno," akasema Nasambu, "mwaka ule mvua ya mawe ilipoezua kanisa."

"Tarehe, mama. Broda yangu anataka kumshangaza siku yake."

Nasambu akaenda kwenye sanduku, akaleta kadi yako ya ubatizo na kumsomea. Kisha kijana akataka kujua shule yako ya kwanza. Kisha akauliza kama ulipokuwa mdogo kulikuwa na mnyama uliyempenda.

"We kijana, kaka yako anaoa mtu ama anaoa ng'ombe?" Nasambu alimwuliza akicheka, lakini jina la yule ndama wako akalitaja.

Mimi nilikuwa nikihesabu yale ambayo hakuyauliza. Hakuuliza kama una hasira. Hakuuliza kama kwetu kuna kifafa. Hakuuliza kama unajua kukaa na wageni, wala kama ulishawahi kuposwa. Nimekuwa mshenga mara tatu katika maisha yangu, na hayo ndiyo maswali. Mwishowe nikamrudishia lake: na mama yako wewe ni wa ukoo gani? Akatazama kalenda iliyo ukutani, ndipo akajibu. Mtu hatafuti ukoo wa mama yake kwenye kalenda.

Alipoondoka nilimwambia Nasambu kwamba kijana yule simpendi. Akaniambia, "Wewe ulifukuzwa na watu, sasa unafukuza hata wachumba." Nikaacha.

Barua yako ilipofika niliisoma mara ya kwanza kama mzazi, na mara ya pili nikiwa na mashaka. Ulikuwa umeeleza kwamba mwanamke mmoja, mwenye sauti kama ya kwetu, aliipigia benki simu akajifanya ni wewe, akasema amesahau nambari ya siri. Benki ikamwuliza ukoo wa mama yako, tarehe ya kuzaliwa, shule ya kwanza na mnyama wa utotoni. Akajibu yote bila kusita, akapewa nambari mpya. Wewe ulishangaa alivyojua. Mimi sikushangaa. Nilimwona tena Nasambu akimimina chai.

Nilimweleza Bi Kanini jambo hilo bila kukutaja jina. Yeye ni karani katika benki moja mjini, na ni Mkamba asiyezungusha maneno. Alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hiyo siri ya jina la mama ni siri ya wazungu," alisema. "Sisi jina la mama linasomwa kwa kipaza sauti kwa matanga, mbele ya watu mia tano na mbuzi." Akaniambia kwamba ndiyo maana benki zinaanza kuongeza mlango wa pili, unaofunguliwa na kitu ambacho hakimo katika ukoo wala katika cheti.

Lakini kitu kimoja kilininyima usingizi. Ishmael alijuaje benki yako na nambari yako ya mteja? Nasambu hakuyajua hayo, wala mimi. Nikamshuku Morris. Naandika hivyo wazi, kwamba nilimshuku mwanangu mwenyewe, kwa kuwa ndiye unayemtumia vitu na ndiye mwenye marafiki wa kila aina kule anakochomelea vyuma.

Nilikwenda hadi kituo cha Kawangware 46 bila kumwarifu. Nilimkuta nje ya karakana, na mkewe Sella pembeni kwenye karai lake la mandazi.

"Baba, karibu," alisema. "Mbona sura ni ya polisi?"

Nikamwuliza kama anamjua Ishmael.

"Ishmael wa suti? Huyo msee alikuwa anakula mandazi hapa kila asubuhi. Siku hizi amepotea."

"Ulimpa kitu gani cha Annet?"

"Cha Annet?" Akavua miwani yake ya kuchomelea. "Baba, umetoka Kibera kwa miguu kuja kuniita mwizi mbele ya wateja?"

"Nimekuja kuuliza."

"Hiyo si kuuliza. Hiyo ni kunihukumu, na hata nauli ya kuja kunihukumu umekosa."

Sella, ambaye kwa heshima ya ukwe hazungumzi nami uso kwa uso, alimgeukia mumewe. "Mwambie Baba labda ni zile karatasi za viatu."

Unakumbuka Pasaka ulimtumia Morris viatu vya ngozi. Ndani ya viatu ulikuwa umesokomeza karatasi ili visibonyee. Huko kwenu karatasi hizo hutupwa. Kwetu hapa karatasi safi ni mali. Sella alizinyoosha moja moja na kufungia wateja mandazi, na kila aliyeuliza jina lililoandikwa juu yake ni la nani alimjibu kwa fahari kwamba ni wifi yake, yuko Uingereza. Ilikuwa imebaki moja chini ya kopo la sukari. Mafuta yalikuwa yameipenya hadi ikawa kama kioo, lakini jina la benki lilisomeka, na jina lako, na nambari yako ya mteja. Niliichoma hapo hapo kwenye jiko lake.

Morris aliapa kwamba hakumpa mtu yule chochote ila kumwonyesha njia ya kuja kwetu, kwa sababu alisema anataka kuposa. Namwamini kwa sehemu kubwa. Ile sehemu ndogo iliyobaki sina ushahidi nayo, na baba asiye na ushahidi anapaswa kufunga mdomo, kwa hiyo nilikula andazi moja nikarudi. Nilipitia pale Ishmael aliposema amepanga chumba. Hakuna aliyewahi kumsikia.

Sasa tazama alichokuwa nacho mtu huyo: benki, nambari, ukoo, tarehe, shule, na ndama. Vyote alivipata kwetu, na hakuiba hata kimoja. Alipewa, viwili kwa tabasamu la Sella na vingine kwa mayai ya kukaanga. Kwa sauti ya yule mwanamke wake wa simu akavuka mlango wa kwanza. Kwenye wa pili akaulizwa herufi mbili, akabahatisha mpaka benki ikamfungia. Kama hatua hiyo ungekuwa umeshaikataa Septemba, shamba la Kiminini lingeondoka, na wewe umelifanyia kazi za usiku katika hospitali ya watu kwa miaka mitano. Mimi nina miaka sitini na saba. Natamani kuamka mahali ambapo hodi asubuhi si ya mwenye nyumba. Lakini afadhali shamba lichelewe mwaka kuliko liende na mtu wa suti.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Uliandika kwa kujisifu kwamba neno lako la siri ni la nyumbani, na kwamba wazungu wote wa benki hawataweza kulitamka. Nilikaa na sentensi hiyo. Annet, nimelijua. Sisemi kama ni jina la mtu, la mnyama au la mahali. Nilipolijua nilifurahi kwanza, kwamba bado unalikumbuka baada ya yote yaliyoungua. Kisha nikaogopa. Ishmael alishindwa kwa sababu tu siku ile alizungumza na Nasambu badala ya kuzungumza nami. Angenikalisha na kuniuliza habari za kule tulikotoka, ningemsimulia hadi jioni, na neno hilo ningelitaja, labda mara kumi, kwa sababu siwezi kuisimulia nyumba yetu bila kulitaja.

Libadilishe wiki hii. Chagua neno la huko uliko, la siku ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo, kitu ambacho sitakijua kamwe. Nilikulea nikikufundisha kwamba mtoto hafichi kitu nyumbani kwao. Hilo lifiche. Nikikuuliza kwa barua, usinijibu. Nikikuuliza kwa simu, kata. Hata ukija kunizika na wazee wakakuuliza, waambie baba yako mdogo alikukataza.

Morris anakusalimu, viatu anavivaa Jumapili tu. Sella anakuomba usimkasirikie. Wabwire wa kanisani anauliza habari zako kila wiki na sasa namjibu kwamba u mzima, basi. Nasambu anakukumbatia, na usiku wa jana, baada ya kunisikiliza nikimweleza yote haya mwanzo hadi mwisho, aliuliza kama yule kaka wa Uingereza aliyetaka kukuoa hayupo kweli kabisa, hata kidogo.

Mungu akukinge na baridi ya huko, na akupe watu wa kuwaamini kwa kiasi.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye daima,

Walubengo