Muuguzi Kutoka Machakos

Galbet, Garissa
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa kaka Shuaib,

Assalamu alaykum warahmatullah. Waendeleaje huko Winnipeg? Kile kifua kimepona? Sisi ni wazima, alhamdulillah, ila joto limetukausha. Aabo, baba yetu mzee, sasa anatembea hadi msikitini bila mkongojo. Mkeo Ifrah miguu imemvimba kidogo. Nampima presha kila jioni, usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nasikia Mjomba Siyad amekupigia ili umshauri Aabo anitoe chuoni. Ati uuguzi wa uzazi ni aibu, na amenitafutia kazi ya ofisini Dadaab. Umebaki muhula mmoja tu, kaka! Kuanzia hapa hadi Ijara wanalilia wakunga, mimi nikagonge mihuri?

Sasa sikia kinachonitia kichefuchefu. Mwezi uliopita alimleta binti yake Hawo hospitalini, uchungu umemzidi. Sista wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji, tukabaki mimi na muuguzi Kadar. Mjomba akaziba mlango na bakora yake. "Wallahi mwanamume haingii hapa! Leta mwanamke!" Mwanamke mwenyewe ni mimi, mwanafunzi. Ikabidi Kadar asimame nyuma ya pazia akinielekeza kwa sauti. Mtoto alitoka kimya, midomo ya buluu. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikampa hewa kwa ule mfuko wa kupumulishia mpaka akalia. Nililia naye.

Siku ya akika nikakaanga sambusa. Mke wa mjomba akazisogeza kando, eti mikono hiyo huko wodini inashika nini. Mjomba naye akawaambia wageni kwamba aliyemzalisha Hawo ni muuguzi kutoka Machakos. Mbele yangu, nimempakata huyo mtoto! Nilichukia sana. Wanataka mwanamke wa kuwazalishia, ila awe binti wa watu wengine.

Aabo amesema atafuata neno lako ukipiga Ijumaa. Hooyo, mama wa watu, analia tu. Ukisema niache, nitaacha, maana siwezi kumvunjia Aabo heshima. Lakini Ijumaa hiyohiyo, kabla hujakata simu, mwambie na Ifrah ni nani atakayempokea mwanao mwezi ujao.

Hooyo, Ifrah na bibi yetu Ayeyo Weris wanakusalimu sana. Mjomba hakunipa salamu, nami sikumwomba. Allah akuhifadhi ugenini na akupe moyo wa kupima haki.

Wako akupendaye hata nikiwa nimefura,
Ramlo