Alivyokufa Methusela

Kusini mwa Marekani,
Machi 1958

Kwa Mama yangu mpenzi, Mama Anjela,

Shikamoo Mama. Pokea salamu za Hatibu, mwanao usiyemzaa, niliyekula chunguni mwako miaka yote tuliyosoma pamoja na marehemu Methusela kule Tanga. Mguu wako unaendeleaje? Na mdogo wangu Beatrisi, ambaye najua ndiye anayekusomea, hajambo? Kwa upande wangu mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho siwezi kuisemea.

Mama, barua yenu imenifika. Umeniuliza mambo ambayo simu ya maandishi ya mkuu wa chuo haikuyataja: mwanao alikufaje, nani alimfumba macho, na amelala wapi. Una haki ya kuuliza. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoketi kuandika, niliishia kuchana karatasi.

Nianze na alivyoishi. Unakumbuka alikuja huku kusomea kilimo, arudi awe bwana shamba. Muhula wa kwanza haujaisha akawa amehamia historia ya watu weusi waliovushwa bahari wakauzwa huku. Nilimkemea. Nilimwambia nyumbani wanangoja mtu wa mbegu, si mtu wa habari za wafu. Akacheka, akasema hawa si wafu, wanauza samaki pale mtaani. Basi kila Jumamosi alikuwa vibarazani kwa wazee, akiwauliza bibi zao walitwangaje, walizikaje, waliimba nini wakichuma pamba.

Tulipanga kwa mjane mmoja mweusi, Bi Odesa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Siku ya kwanza alipotupikia bamia, Methusela aliinamia sahani, kisha akaninong'oneza kwamba huyu amekuibia mkono wako wa kupika, Mama. Baadaye Bi Odesa alimwomba amtafutie kabila lake. Methusela hakumdanganya. Alimwambia wengi wao walitolewa pwani ya magharibi, mbali sana na kwetu, na kwamba makabila yao yalifutwa makusudi. Methusela akamwambia, "Ikiwa ukoo hawakukuachia, mimi nakupa wangu. Uwe shangazi yangu." Tangu hapo aliitika "shangazi", akilitamka vibaya, na hakuacha kuuliza habari zako wewe, wifi yake.

Kuna jambo katika masomo lililomwumiza kuliko minyororo na mijeledi. Alisema waliochukuliwa angalau wanasomwa vitabuni, lakini mama zao waliobaki hawamo popote. Waliamka, mtoto hayupo, wakaishi mpaka wakafa bila mtu wa kuja kuwaambia.

Beatrisi, mdogo wangu, ukifika hapa usiruke neno. Msomee Mama yote.

Mama, simu ilisema maradhi ya ghafla. Ni kweli, lakini si kweli yote. Asubuhi moja ya Januari Methusela alishikwa na tumbo upande wa kulia, akajikunja kitandani, jasho likimtiririka na baridi yote ile. Daktari mweusi wa mji alikuwa safarini. Bi Odesa akaazima gari la jirani, tukamkimbiza hospitali kubwa. Mtu aliyekuwa mlangoni hakumtazama hata mgonjwa. Alisema hapo hawalazwi weusi, twende mji wa pili. Nilimwonyesha pasipoti zetu. Nilimweleza kwamba sisi ni wageni wa chuo, tumetoka Tanganyika. Akanijibu kwamba rangi niliyo nayo haijui Tanganyika. Nilipiga magoti, Mama. Bi Odesa alipiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani. Methusela akaniita kutoka garini, kwa Kiswahili: "Hatibu, simama. Usimpigie magoti huyo. Twende."

Njiani aliniapisha. Alisema, "Mama mwambie ni homa. Habari za pale mlangoni usimwambie, zitamla." Nikaapa. Hatukufika mji wa pili. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Bi Odesa, naye ndiye aliyemfumba macho.

Leo nimevunja kiapo cha rafiki yangu, na Mungu ndiye wa kunihukumu. Lakini wewe umeuliza. Nikikuficha, nitakuwa nimekuweka pamoja na wale mama ambao hawakuja kuambiwa, na Methusela mwenye afya yake asingenisamehe hilo.

Amelala katika makaburi ya kanisa la Bi Odesa, mahali alipokuwa amejitengea mwenyewe, kando ya mumewe. Nilimuuliza yeye atazikwa wapi. Akasema hapakosekani pa kumfukia mzee. Wao waliimba kwa dini yenu, nami nikasoma dua yangu chini chini. Mzee wa kanisa akaniuliza jina la mama wa marehemu. Nikasema Anjela. Akawageukia watu, akasema wazee wao wamelazwa hapo na hakuna ajuaye mama zao walilia wapi, lakini wa huyu wanamjua. Wakalitaja jina lako wote, wake kwa waume, watu usiowaona na ambao pengine hutawaona.

Namaliza masomo Juni. Nikishuka Tanga nitakuja kwako kwanza, kabla ya kwetu Kigombe. Mama yangu mzazi nimemwandikia, naye ameridhia. Ikiwa utaona uzito kuniona nimerudi peke yangu, mtume Beatrisi atoke aniambie. Sitaudhika. Nitarudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku yoyote nyingine.

Nisalimie jirani zako wote pale kambi ya mkonge, wakubwa kwa wadogo. Beatrisi, ukimaliza kusoma usiondoke upesi, kaa naye.

Mwanao,
Hatibu Msafiri