Sampu Iliyopasuka Njia ya Mugango

Mugango,
4 Septemba 1984

Matiko, gari yako imepasuka chini na oili yote imemwagika barabarani!

Haya, nimeshasema. Sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu zake. Hujambo mwanangu? Habari za Mwanza, habari za kazi, mafundi wenzako hapo karakana hawajambo? Sisi huku tuzima, tumechoka tu. Miguu yangu ikifika jioni inavimba, mvua imetukataa tena mwaka huu, mihogo ndiyo hiyo hiyo. Lakini kwenye kwaya bado nasimama mstari wa mbele, hajatokea wa kunitoa. Mdogo wako Felisian anakusalimu. Tangu Jumapili hali chakula vizuri.

Unajua mtoto wa dada yako Boke alikuwa anabatizwa Butiama. Nikasema mimi siendi na lori la pamba, mwanangu ana gari. Nikavaa kitenge ulichoniletea Pasaka, nikakaa mbele pale karibu na dereva. Matiko, ungeniona! Wakwe zake Boke walitoka nje wote. Mzee mmoja akauliza, "Huyu nani, mke wa mkuu wa wilaya?" Nikamwambia, "Mimi ni mama yake fundi, gari hii mwanangu ameiunga mwenyewe kwa mikono." Walinishika mkono mpaka ukaniuma.

Kwa kushikwa mikono huko ndiyo tukachelewa. Jumapili ikifika saa nane mchana gari ya mtu binafsi haitakiwi barabarani, polisi wanakamata, na sisi tulitoka Butiama saa saba imeshapita. Felisian akakanyaga. Tulipoacha barabara kubwa tukaingia njia yetu ya vumbi, pale korongo lilipokula barabara, jiwe likagonga chini, ngwaa! Kama mtu kapiga sufuria kwa nyundo. Tulikuwa tumekaribia nyumbani injini ikazima yenyewe. Felisian anasema iliyopasuka ni sampu, lile karai la chini ya injini linalokaa oili. Nimeinama nikaangalia, lina ufa mrefu kama kidole changu.

Sasa gari ipo hapa uani. Watu wakipita wanapunguza mwendo. Dorotea, yule anayeimbaga nyuma yangu, amekuja mara tatu kunipa pole na kila mara anachungulia chini ya gari kama fundi. Nimemwambia mwanangu atatuma sampu nyingine kabla yeye hajafikisha pole ya nne. Usiniangushe. Na Krismasi uliahidi kuja, nimeshatangaza.

Ni mimi mama yako mzazi,
Marcelina


Mwanza,
21 Septemba 1984

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Barua yako ilikaa njiani wiki mbili. Mimi ni mzima, uchovu tu. Karakana haina vipuri, kutwa tunang'oa kitu kwenye gari moja tunakitia kwenye nyingine, jioni tunapanga foleni ya unga. Mpongeze Boke kwa ubatizo wa mtoto.

Barua hii inakuja na meli pamoja na gunia. Ndani ya gunia kuna sampu. Nimeitoa kwenye Datsun iliyopinduka, ilikuwa imebonyea, nimeinyoosha kwa nyundo wiki nzima baada ya kazi. Felisian aifuate bandarini Musoma. Akiwa chini ya gari wewe msomee hii polepole, mama.

Gari aiweke mahali tambarare, mawe nyuma ya magurudumu. Jeki asiiamini peke yake, aweke na magogo. Injini inabidi inyanyuliwe kidogo, maana kuna chuma mbele kinaizuia sampu isitoke. Apitishe mti mnene juu, afunge mnyororo. Boliti za sampu azifungue zote, aziweke kwenye kopo moja. Gasketi, ile ya kuzuia oili isivuje kwenye maungio, aikate kwenye boksi gumu, ailoweke oili. Wakati wa kufunga, boliti zote azianze kwa mkono kwanza. Ndipo akaze kwa spana, kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Akikaza upande mmoja itapinda na itavuja.

Ila kabla ya hayo yote apitishe kidole ndani ya sampu ya zamani. Akikuta vichembe vya chuma vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, afunge hii mpya lakini asiwashe injini. Mniandikie.

Na hili mama nijibu bila kuzunguka. Ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika, ya kuonya oili imekwisha, iliwaka wapi? Baada ya kuwaka mlikwenda umbali gani? Kwa nini hamkusimama? Nyuma ya kiti niliacha kopo la oili. Kwa ufa wa namna hiyo unakanda sabuni na nyuzi za katani, unaziba, unamimina oili, unatambaa mpaka nyumbani. Felisian amefundishwa kuendesha gari jeshini, JKT, hilo analijua. Gari hiyo nimeiokota vipande vipande miaka mitatu. Nilimwachia yeye kwa sababu ndiye ninayemwamini.

Mwanao,
Matiko


Mugango,
9 Oktoba 1984

Sampu imekaa! Marahaba mwanangu, hujambo? Sisi hatujambo, mgongo tu, nitakuambia kwa nini.

Felisian aliifuata Musoma, akalala Kitaji kwa shangazi yenu, akarudi ameibeba kichwani kutoka alikoshushwa na lori. Kesho yake tukaanza kazi. Mti wa kunyanyulia injini tuliukosa, tukatumia nira ya ng'ombe ya mzee Burito. Ikalala juu ya gari kama imezaliwa hapo. Mimi nikakaa kwenye kigoda na barua yako, Felisian chini, naona miguu yake tu.

Nikasoma, "Boliti azifungue zote." Akasema, "Mama, hilo nalijua." Nikamwambia, "Unalijua lakini kaka yako ameliandika, kwa hiyo nalisoma." Boliti moja ilikataa. Akaipiga, akaisukuma, akaitukana kwa Kijita, nikajifanya sijasikia. Nikashuka kwenye kigoda nikaingia chini mwenyewe kumshikia taa ya mkono, mwanamke wa umri wangu, chali kama kobe. Ndiyo huo mgongo. Dorotea akatokea, akauliza, "Mama Matiko, umeanza ufundi?" Nikamjibu nikiwa huko huko chini, "Kwetu watoto tunawanyonyesha ufundi."

Ikatoka. Felisian akaiosha mpya kwa mafuta ya taa kidogo tuliyokuwa nayo, akakata boksi la sabuni kuukuu la dukani, akaloweka, akaanza boliti kwa mkono, ndipo akakaza kutoka katikati kama ulivyosema. Alikaza kwa utulivu kama anamvisha mtoto viatu. Nilimwangalia nikasema, nimezaa mafundi wawili, na mmoja sikujua.

Alipitisha kidole kwenye ile ya zamani. Vichembe vipo. Vichache tu. Amevifunga kwenye karatasi, nakutumia uvione. Injini hatujawasha.

Kuhusu taa, mimi mambo ya taa siyajui, nilikuwa naangalia njia. Kuhusu sabuni, mwaka huu sabuni ya kuziba gari inatoka wapi, baba? Sisi huku tunafulia majivu. Vijana wana haraka, wewe mwenyewe unajua, usimkasirikie sana. Felisian ameniuliza kama nimekujibu lile la taa. Nimemwambia nimejibu.

Furu wameadimika ziwani, sangara ndiyo wamejaa. Kula vizuri.

Mama yako mpenzi,
Marcelina


Mwanza,
25 Oktoba 1984

Shikamoo mama. Natumaini mgongo umepoa.

Vichembe nimeviona. Hivyo ni vya beringi, vyuma laini vinavyobeba mhimili wa injini. Haviliki hivyo kwa mwendo wa hatua mia. Hivyo ni vya kilomita nyingi na taa inawaka usoni kwa dereva. Alikuwa na oili, alikuwa na macho. Hakusimama.

Mwambie Felisian asiiguse tena gari yangu. Funguo azikabidhi kwako. Sampu tumeifunga bure, injini nzima inataka kufunguliwa, na beringi mpya hata ukizunguka Mwanza yote hupati.

Krismasi sitakuja. Nikija nitamkuta, na nikimkuta nitasema maneno ambayo hayatarudi mdomoni. Afadhali nibaki huku.

Nisamehe kwa ufupi. Nimechoka, mama.

Mwanao,
Matiko


Mugango,
30 Novemba 1984

Matiko, ni mimi. Siyo Felisian. Ni mimi.

Marahaba mwanangu. Afya yangu leo usiulize.

Barua yako ilifika nikiwa shamba, akaipokea mdogo wako. Nilirudi nikaikuta imekunjwa vizuri chini ya kikombe changu, na funguo za gari juu yake. Koti lake halikuwepo msumarini. Wiki ya kwanza nikasema atarudi. Ya pili nikasema vijana ndivyo walivyo. Ya tatu Dorotea akaniletea sato, akasema, "Pole mama Matiko, mmoja kaharibu gari, mwingine kasusa Krismasi." Nikapokea sato nikasema asante. Mimi, Matiko! Kwa sababu maneno hayo nilimpa mwenyewe. Ni mimi nilimwambia mbele ya kwaya nzima kwamba Felisian anaendesha kama kichaa.

Sikia ilivyokuwa. Jiwe lilipogonga, hatukufika mbali kibirika chekundu kikawaka. Felisian akasimama hapo hapo. Akashuka, akalala chini, akainuka akasema, "Mama, sampu imepasuka. Nipe ile sabuni."

Kwenye kikapu changu kulikuwa na mche mzima wa sabuni. Wakwe zake Boke walinipa zawadi. Miezi saba sijashika sabuni, mwanangu. Nikamwambia, "Sabuni ipi?"

"Mama, nimewaona wakikupa."

"Hiyo ni ya kitenge cha kwaya. Siyo ya kupaka magari."

Akasema basi nisubiri, akamwombe mzee Burito ng'ombe waje kutuvuta. Nikamwambia, "Mimi nivutwe na ng'ombe, Dorotea akiangalia? Endesha."

"Mama, injini itakufa."

"Wewe nimekuzaa, na mwenye gari nimemzaa. Nimesema endesha."

Akaendesha. Kilomita kama nane. Injini ikaanza kugonga kama mtu anabisha hodi, polepole, halafu kwa hasira, na mimi nikawa naimba ili nisiisikie. Ikazima mbele ya kanisa. Na ng'ombe wa Burito ndio waliotufikisha nyumbani, na Dorotea aliangalia. Hilo sikukuandikia.

Ulipouliza habari ya taa na sabuni nilikaa na kalamu mkononi nusu siku. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote wewe ni nani na mimi ni mama ya nani. Nikaona heri Felisian abebe, yeye bado kijana, mabega yake mapana. Ndivyo nilivyofikiri. Leo nimeandika kama ilivyokuwa.

Nikasikia ameonekana Bunda, Jumatano nikapanda lori la pamba kumfuata. Nikamkuta kiwandani anabeba marobota, nywele nyeupe kwa vumbi la pamba kama mzee. Nikamwuliza, "Kwa nini hukumwandikia kaka yako ukweli?"

Akasema, "Barua ulikuwa unaandika wewe, mama."

Nikamwomba msamaha pale pale getini. Ilibidi niombe mara mbili, mara ya kwanza mashine zilikuwa zinapiga kelele hakusikia. Mara ya pili ndiyo ngumu, Matiko. Akaniangalia, akaniuliza kama nimekula. Akanigawia mhogo wake.

Lakini kurudi nyumbani hajakubali hivi hivi. Anasema alisemwa mbele za watu, asafishwe mbele ya watu hao hao, na wewe uwepo. Nikasema kweli. Nilikaa kwenye lori la kurudi nimechoka mifupa yote, ila usingizi ulinishika mpaka Mugango, na tangu mwezi wa tisa sikuwa nalala.

Sasa nimewaita wote. Dorotea na kwaya nzima, mzee Burito, Boke na mumewe na mtoto. Nitasimama kando ya gari niseme yote, sabuni na ng'ombe na kilomita nane. Na nitasema vizuri, hakuna mwanamke Mugango hii anayejua kusimulia kama mimi. Wakicheka, wacheke. Mzee Burito nimeshamwambia peke yake, kwa kujipima. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema atachinja mbuzi.

Ukipata beringi, lete. Usipopata, njoo mikono mitupu. Injini mtaifungua wenyewe wawili, yeye upande wake na wewe upande wako, na mimi sitawasomea kitu. Kama una hasira, njoo nayo, uitoe kwangu, mwenyewe nipo.

Felisian anatoka Bunda Ijumaa. Watu wote wanaingia hapa uani kesho yake, saa nne asubuhi, Jumamosi ya tarehe 22 Desemba.

Mama yenu,
Marcelina