Registre inasema Kyabu amepona

Siku ya tatu, tarehe 5 mwezi wa tatu

Mudogo wangu Kyabu alimaliza dawa za kifua kikuu. Miezi sita yote! Minyi, yaya wake, njo nilikuwa namuangalia akimeza, hata siku moja hakuruka. Na iko anakohoa tu. Leo tulienda kwa munganga Josaphat. Anasema labda ugonjwa umezoea zile dawa, inafaa zingine za nguvu, lakini hawezi kuzitoa bila mashine kuhakikisha. Mashine iko, hapa hapa Kamina! Niliiona kwa dirisha, banaifunika na kitambaa cha meza. Kartushi zake za kupimia njo hakuna, toka Noeli. Basi makohozi yaende Lubumbashi na treni.

Nilimuuliza: na kule Ulaya? Akacheka. Kule masaa mbili tu, anasema, majibu mu mukono. Sikuona cha kuchekesha.

Siku ya tano, tarehe 7

Nilisema tuombe nafasi mu ndege, kule ku Base ya jeshi. Baba akawaka! Yeye alitengeneza mashine za treni miaka makumi tatu. Mutoto wa bantu ba reli haombi ndege ya basoda, anasema, treni ni ya kwetu. Alibeba glacière, sanduku ya baridi, yeye mwenyewe mpaka gare ya treni — chupa mbili za makohozi, barafu, karatasi ya munganga — akamupa rafiki yake Kayembe, anayefanya kazi mu ile treni. Nikakubali. Ujinga wangu huo.

Siku ya tano, tarehe 14

Treni ilikufa mbele ya Bukama. Leo ni siku tano iko mu pori! Bantu banapika kando ya reli. Kyabu hakulala.

Siku ya ine, tarehe 20

Labo ya Lubumbashi ilimupigia Josaphat. Makohozi yaliharibika. Tuanze upya.

Nilimupigia Kayembe nimutukane. Matusi nilikuwa nayo tayari, ya Kiswahili na ya Kiluba. Akasema: mwanangu, mu wagon kulikuwa mama na mutoto wake, homa kali, anageuza macho. Barafu nilimupa yeye. Kwetu, treni ikikufa mu njia, kila kintu inakuwa ya bote.

Mutoto alipona. Sasa nitukane nani, yule mutoto? Nikakata simu. Baba hajala toka asubuhi. Muzuri! Akae na njaa yake.

Siku ya posho, tarehe 22

Ndege ilileta bintu bya siku ya dunia ya kifua kikuu. Ni siku ya kwanza inayokuja, tarehe 24. Nilikimbia ku centre ya munganga — kartushi? Ata! Matisheti. Cartons ine za matisheti meupe, yameandikwa «Kamina bila kifua kikuu». Nafasi ya matisheti mu ndege inapatikana!

Na Josaphat, macho chini, ananiambia bakubwa ba ile sherehe banatafuta mugonjwa aliyepona, atoe ushuhuda. Mu registre ya bagonjwa Kyabu ameandikwa: amepona. Sababu gani? Alimaliza vidonge, basi. Na dawa mupya haitolewi kwa muntu aliyepona. Nilipiga meza yake mpaka kalamu zikaanguka. Hapana, nilisema, hatakuja!

Kyabu, aliyenifuata mpaka ku mulango, akasema: yaya, nitaenda.

Mbona? Akachagua tisheti.

Siku ya kwanza, tarehe 24

Naandika hapa hapa ku kiwanja, cahier ku magoti, nisipige kelele. Bakubwa mu kivuli, sisi ku jua. Hotuba tatu. Fanfare inapiga. Kila mumoja anashukuru mwenzake.

Sasa banamuita Kyabu. Tisheti inamuzidi, mabega membamba kama ya mutoto wa primaire. Bwana wa mikro anamuambia: dada, eleza bantu namna ulivyopona.

Anaanza: minyi jina yangu Kyabu. Anakohoa. Anakohoa tena, anashika meza. Safu ya mbele banasukuma viti nyuma! Mukubwa mumoja anafunika pua na karatasi ya programu. Bwana anataka mikro yake. Kyabu hamupi.

Anasema pole pole, kila muntu anasikia: munganga, leta registre yako. Andika upya, mbele ya hawa bote: Kyabu hajapona. Minyi nangoja.

Josaphat amefungua registre. Kalamu iko mu mukono. Anaangalia bakubwa kwanza.